Mikono Sitini ya Kushoto

Mama Mdogo alikuwa na desturi ya kufunua ncha ya kitambaa kabla ya kukikata. Hata kama alikuwa na haraka, alilamba kidole, akafunua pembe ya tabaka la juu, kisha la pili, kisha la tatu, kama mtu anayetafuta ukurasa kwenye kitabu. Ndipo akashika mkasi. Katika karakana yetu ya kushona sare walimtania sana kwa hilo. Waliokaa kwenye cherehani walisema, "Haya, ameanza kukijulia hali." Naye aliwajibu bila kuinua macho, "Kitambaa hakina mdomo. Lazima mtu akisemee."

Naanza na kidole hicho kwa sababu watu wa ukoo wetu, wakimtaja leo, huanza na wazimu.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, kitinda mimba. Mama alipofariki nikiwa darasa la sita, Mama Mdogo alinichukua, na mwaka uliofuata nilipoacha shule akanipeleka kazini kwake. Mimi nilikuwa mtandazaji, yeye mkataji. Meza ya kukatia ilikuwa ya mbao ndefu, urefu wa hatua kumi na moja, na juu yake imelala bodi iliyong'aa kwa kusuguliwa na vitambaa miaka mingi. Kando ya ukuta kulikuwa na cherehani nane. Mwishoni, nyuma ya kioo, alikaa mwenye karakana na feni yake, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa Mama Mdogo alimzidi umri.

Kazi ya kutandaza yaonekana ya kitoto, lakini ina akili yake. Ukitandaza kwa ajili ya mifuko, unafika mwisho wa meza, unakata, unarudi na jora lako mwanzo, unaanza upya. Matabaka yote yanatazama juu, kwa kuwa mfuko hauna kushoto wala kulia. Lakini mkono wa koti una kushoto na kulia. Kwa hiyo ukitandaza kwa ajili ya mikono, hukati mwishoni. Unakunja kitambaa na kurudi nacho, tabaka moja likitazama juu na la pili likitazama chini, ili mkataji akipitisha mkasi mara moja apate mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Sisi tuliita hivyo hivyo, kwenda na kurudi. Kabla ya kukata, Mama Mdogo aliniuliza, "Kwenda na kurudi?" Nami nilimjibu, "Kwenda na kurudi." Halafu bado alifunua ncha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano hivi hofu yake ilipoanza. Yeye alikuwa amepita arobaini kidogo. Asubuhi moja katikati ya kazi aliweka mkasi chini taratibu, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na midomo ikamkauka. Alinivuta hadi kwenye chumba cha nyuzi, akafunga mlango, akakaa juu ya katoni.

"Huu mkono," akasema, "nauona unakata, lakini nauona kama wa mtu mwingine. Na moyo unakimbia. Nahisi nikikosea kidogo tu kupumua, nitapiga kelele mbele ya watu, na nikianza sitanyamaza tena maisha yangu yote."

Nilijua anachokiogopa. Babu, baba yake, alirukwa na akili kweli. Alikuwa akitoka nyumbani asubuhi na kwenda kusimama mbele ya nyumba za watu, akiwaamuru wahame kwa kuwa ni zake. Mama Mdogo, binti wa miaka tisa, ndiye aliyetumwa kumrudisha, akimwongoza kwa kumshika kidole barabara nzima huku watoto wenzake wakitazama.

"Wewe una macho," akaniambia siku ile. "Tangu utoto wako huachi kutazama watu. Sasa nitazame mimi. Ukiona naanza, niambie kabla wengine hawajaona. Usinionee huruma."

"Nitakuambia, Mama Mdogo."

"Sasa niko sawa?"

"Uko sawa."

Akafuta uso kwa aproni, akarudi mezani, akakata suruali za watoto mpaka jioni, kila moja imenyooka.

Tangu hapo swali hilo likawa letu. Aliniuliza asubuhi tukining'iniza mikoba, akaniuliza saa ya chai, akaniuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani. Nilipoolewa na kuhamia kwa mume wangu, alianza kufika kazini mapema ili anikute mlangoni. "Niko sawa?" "Uko sawa." Mwanzoni lilimtosha kutwa nzima. Baadaye likamtosha nusu siku. Mwaka wa pili aliniuliza hata nikiwa na pini mdomoni, nami nikaitikia kwa kichwa tu, na siwezi kusema kwamba kila mara nilikuwa nimemtazama kabla ya kuitikia.

Halafu ikaja siku ya makoti ya bluu. Kampuni moja ilileta kitambaa chake yenyewe, kizito, chenye mistari ya mshazari upande wa mbele, na nyuma kimepauka. Walitaka makoti thelathini ya kazi. Nilikuwa na mimba ya miezi minne ya binti yangu huyu niliye naye, na mume wangu alikuwa hajapata kazi tangu mvua zilizopita. Siku mbili nzima nilikuwa nimetandaza mifuko. Siku hiyo nilipaswa kutandaza mikono.

Nilitandaza nikiwa na usingizi na kichefuchefu. Kila nilipofika mwisho wa meza, nilikata na kurudi mwanzo, nikakata na kurudi mwanzo, kama nilivyofanya jana na juzi. Matabaka sita, yote yanatazama juu. Miguu yangu ilikuwa bado kwenye mifuko.

Mama Mdogo alikuja mezani akiwa tayari amebanwa na ile hofu. Nilimjua kwa jinsi alivyomeza mate. Alipitisha chaki haraka haraka, mikono kumi katika kila tabaka, akauchukua mkasi kama mtu anayeshika kamba ili asidondoke.

"Kwenda na kurudi?" akauliza.

"Kwenda na kurudi," nikajibu. Sikusema uongo wakati huo. Mdomo ulijibu kama ulivyozoea.

Hakufunua ncha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikata bila kufunua ncha. Nilifikiri, leo ana haraka ya kutulia, na kweli alipoanza kukata alitulia.

Aliyegundua ni fundi wa cherehani ya tatu, mwanamke tuliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mchana alisimama na mikono miwili ya koti, mmoja huku, mmoja kule, akaijaribu mwilini mwake.

"Jamani," akasema, "hii ni kushoto na kushoto." Akachukua mingine. "Na hii kushoto na kushoto. Mkataji, wateja wetu leo ni watu wa namna gani? Au tuwatafute wenye mikono miwili ya kushoto, tuwapime kabisa?"

Cherehani zikanyamaza moja moja. Watu wakacheka, kicheko cha kawaida, kisicho na ubaya. Mama Mdogo akaja, akapanga mikono mezani. Sitini, yote ya kushoto. Haikuwezekana kugeuza ndani nje, maana nyuma kitambaa kilikuwa kimepauka. Thelathini ilikuwa ya kutupa, na kitambaa kile kilikuwa cha mteja, hakuna kingine cha rangi ile.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. "Ulitandaza kwenda na kurudi?"

Nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua tangu Redio aliposema neno kushoto la kwanza. Niliona miguu yangu ikirudi mwanzo wa meza, mara sita. Nyuma ya kioo, Mzee alikuwa amesimama. Nilifikiria mimba, nikafikiria mume wangu akiwa amekaa kitandani mchana na shati lake jeupe la kutafutia kazi.

"Ndiyo," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mama Mdogo."

Akatazama meza. Niliona akitafuta kichwani mwake, kama mtu anayepapasa mfukoni ufunguo ambao ana hakika aliuweka. "Basi nimegeuza mimi," akasema polepole. "Nimeyapanga upya matabaka, na sikumbuki. Sikumbuki hata kidogo."

Redio hakujua lolote la chumba cha nyuzi. Akasema tu, kwa utani, "Kichwa kimehama hicho. Kitumie barua."

Mama Mdogo akanishika kiwiko, akanileta karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, "Niko sawa?"

Miaka miwili nilikuwa nimejibu swali hilo bila kufikiri. Siku hiyo, siku pekee ambayo nilikuwa na jibu la kweli mkononi, nilitazama sakafu. Kumwambia uko sawa ilikuwa sawa na kusema ni mimi.

Alingoja kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuikubali. Akaufuta mkasi kwa aproni, akaulaza mezani, makali yakiwa yametazama upande wake kama alivyonifundisha, akachukua mkoba wake. Hakurudi tena.

Wiki iliyofuata Mzee aliniambia nijaribu kukata mimi. Nilikata kwa mkasi ule ule, na nakata kwa mkasi huo mpaka leo.

Mama Mdogo alikwenda kuishi kwa kaka yake, mjomba wangu, katika chumba cha nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia akili zimeanza kumtoka, na mtu akijitangaza hivyo, nani atabisha? Hasa katika ukoo wenye babu kama wetu. Walimtunza, siwezi kuwasema vibaya. Lakini waliondoa visu. Mke wa mjomba alikuwa na droo ya jikoni yenye kufuli, na ndani yake mlikuwa na visu, wembe, sindano za kushonea, hata kile kikasi cha kucha. Mama Mdogo alikatiwa mkate na kukatiwa nyama, na kucha zake alikatwa na mke wa mjomba kila Jumamosi. Mwanamke aliyewahi kukata koti bila kupima mara mbili.

Mimi nilikwenda kumwona mara mbili kwa mwaka, mara moja miaka mingine. Nilipeleka sukari na sabuni. Nilizungumza naye kwa sauti ya juu na maneno mafupi, kama wengine. "Umekula, Mama Mdogo? Umelala vizuri?" Binti yangu nilimpeleka mara chache, nikamkalisha karibu na mlango. Mama Mdogo alimtazama mtoto kwa mbali bila kujaribu kumpakata. Alikuwa ameelewa kuhusu ule mlango. Na kila nilipotoka nilijiambia, tazama, hata hivyo alikuwa anaelekea huko huko. Mikono ya makoti haikumwongezea wala kumpunguzia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka kumi na tisa.

Mwaka jana ikanifika mimi.

Nilikuwa nakata kola. Ghafla nikauona mkono wangu ukifungua na kufunga mkasi, na nikauona kama wa mtu mwingine. Sauti za cherehani zikaenda mbali, kama ziko nyumba ya jirani. Moyo ukaanza kunipiga kooni. Nikajua. Nikajisemea, zamu yangu imefika. Ni damu, imetoka kwa babu ikapita kwa Mama Mdogo, sasa imenikuta mimi. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa choo nikishika matofali.

Baada ya hapo nikaanza kujichunga. Nikiamka nilitaja siku za kuzaliwa za watoto wangu watatu, kisha nikarudi nyuma kuanzia mdogo. Nikiwa njiani nilitaja maduka kabla sijayafikia: la rangi, la mikate, la simu, la majeneza. Nilizima jiko, nikarudi kutazama kama nimezima, nikasimama pale nikijiuliza kama mtu mwenye akili hutazama jiko mara nne. Nilifunua ncha za kitambaa mpaka vijana wa cherehani wakaanza kunitania, nao hawakumjua Mama Mdogo, wala hawakujua wanarudia utani wa zamani.

Na nikaanza kumwuliza binti yangu. "Unanionaje leo? Niko sawa?"

"Uko sawa, Mama."

Jioni tena. "Mama, uko sawa. Umeniuliza asubuhi."

"Naangalia kama unasikiliza."

"Nasikiliza mpaka masikio yamechoka. Nikirekodi kwenye simu, utakuwa unabonyeza mwenyewe?"

Tulicheka. Yeye ana ulimi wa baba yake. Lakini asubuhi moja, nikiwa nimemwuliza kabla hata hajavaa viatu, hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, akaniuliza, "Mama, hiki kitu, na mimi kitanipata?"

Siku hiyo sikwenda kazini, nilikwenda zahanati.

Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa gundi upande mmoja. Alinipima presha, akasikiliza moyo, akanitoa damu, akanituma kwa daktari, nikarudishwa kwake na karatasi. "Moyo wako ni mzima kuliko wangu," akasema. "Sasa niambie, ikikushika, unaogopa nini hasa?"

"Naogopa kurukwa na akili."

"Yaani utafanya nini?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. "Nitapiga kelele. Nitavua nguo barabarani. Nitasimama mbele ya nyumba za watu."

"Umewahi kufanya mojawapo?"

"Hapana."

"Imekushika mara ngapi?"

"Sijui. Mara hamsini. Zaidi."

"Mara hamsini, na nguo bado umevaa." Akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. "Sikiliza, mama. Hii ni hofu. Ni ugonjwa, una jina, na una tiba. Si wazimu. Wanaokuja hapa nayo, karibu wote wananiambia maneno yako hayo hayo, hata ule mkono usio wako. Mwili wako ni kama mbwa anayebweka hata mwenye nyumba akiingia. Anabweka kwa nguvu, ndiyo, lakini mwizi hayupo."

Alinifundisha mambo ya kufanya. Ikija nisikimbie nje. Nikanyage sakafu kwa miguu yote miwili, nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, niendelee na kazi iliyo mkononi hata kama natetemeka. Akanipangia kuonana na mshauri kila baada ya wiki mbili. Na akaniambia niache kumwuliza binti yangu. "Kila ukiuliza, unailisha. Inashiba saa moja, halafu inarudi na njaa kubwa zaidi."

Nilikuwa nainuka aliponiuliza, akiandika kwenye faili, "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kuwa na hali hii?"

"Hali hii hapana. Mama mdogo wangu alipata wazimu."

"Pole. Alikuwa anafanya nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikatafuta. Hakupiga kelele. Hakuvua nguo. Hakuwahi kumpiga mtu wala kupotea njia. Alipoacha kazi alikaa chumbani akiwa amejichunga, basi. Katika miaka yote hiyo kitu kimoja tu kilikuwa kimemtia hatiani, mikono sitini ya kushoto, na mikono hiyo ilikuwa yangu.

"Mama?" muuguzi akasema.

"Hakufanya kitu," nikamjibu. "Alikuwa akiniuliza kama yuko sawa."

Kutoka zahanati mpaka siku niliyokwenda kwa Mama Mdogo zilipita wiki tisa. Nasema wazi, wiki tisa. Mtu angedhani ningekimbia siku hiyo hiyo. Nilijifunza kupumua, nilijifunza kusimama na hofu bila kuikimbia, na kila Jumapili nilipata sababu. Mara mtoto ana mafua, mara mvua. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kichwa changu. Jumapili ya kumi niliufunga mkasi kwa kitambaa, nikautia kwenye mkoba.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa chumba, nywele nyeupe zimesukwa mistari miwili. Mke wa mjomba alikuwa akianua nguo. Nilimwamkia Mama Mdogo, akaitikia. Nikakaa chini, kwenye sakafu, nikazungumza kwa sauti ya kawaida.

"Mama Mdogo, unakumbuka makoti ya bluu?"

"Siku ile sikumbuki," akasema. "Ndiyo maana nipo hapa."

"Hukumbuki kwa sababu hukugeuza kitu. Ni mimi. Nilitandaza kama mifuko. Nilikuwa nakata na kurudi mwanzo. Uliponiuliza nilijua, nikasema uongo."

Alinitazama kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko chochote. "Mwanangu, watu wamekuwa wakiniambia maneno matamu muda mrefu. Wewe usianze."

"Si maneno matamu. Nilikata jora mara sita. Hukuona mabaki? Ungekuwa umetandaziwa kwenda na kurudi, mwishoni pangekuwa na mikunjo. Hapakuwa na mikunjo, palikuwa na ncha zilizokatwa. Fikiri, Mama Mdogo. Mwisho wa meza, upande wa dirisha."

Nikaona macho yake yakiondoka kwangu, yakaenda kwenye meza ile. Mke wa mjomba alikunja shuka, akakunja nyingine.

"Hapakuwa na mikunjo," akasema. "Nilikata kwenye alama za chaki tu. Sikupasua mkunjo hata mmoja."

"Ndiyo."

"Kama ni kwenda na kurudi, lazima nipasue mikunjo."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

Niliomba apige kelele. Alisema, kwa sauti ile ile ya kuelekeza kazi, "Ungeniambia siku ile ningekuzaba kofi moja. Mzee angefoka. Kesho yake tungetafuta kitambaa." Akatazama vidole vyake. "Kofi moja tu."

"Nisamehe."

Akaniuliza, "Na mkasi wangu?"

Niliufungua kutoka kwenye kitambaa. Mke wa mjomba akadondosha kibanio. "We, usimpe kitu cha makali," akasema, "unataka utuletee balaa?"

"Wifi," Mama Mdogo akasema bila kugeuka, "lete hiyo shuka iliyochanika katikati. Ile ya bluu."

Sijui kwa nini mke wa mjomba aliileta. Nadhani ni ile sauti. Hakuwa ameisikia tangu amjue. Mama Mdogo aliufungua mkasi, akaufunga, akausikiliza karibu na sikio. Akapitisha kidole gumba kwenye makali. "Nani anaunoa?"

"Yule wa barabarani."

"Ananoa nje tu. Ndani umekuwa butu. Miaka yote hii unakata kwa mkasi butu." Akanielekeza sakafu kwa ncha. "Tandaza."

Nilitandaza shuka sakafuni, nikafika mwisho, nikaikunja, nikarudi nayo.

"Kwenda na kurudi?" akauliza.

"Kwenda na kurudi."

Akapiga magoti, taratibu, akishika kiti. Akalamba kidole, akafunua ncha. Akanitazama. "Siku ile sikufunua," akasema. "Hilo ni langu."

Akakata. Mstari ukapinda mahali pawili, akauona, akakaza mdomo, akaendelea mpaka mwisho. Vilitoka vipande vya foronya mbili. Havikuwa sawa. Zamani angevitupa.

Alipomaliza aliufuta mkasi kwa gauni lake, lakini hakunirudishia. Aliulaza mapajani, makali yakiwa yametazama upande wake. "Huu unabaki," akasema, akimwambia mke wa mjomba, si mimi.

Nilikaa kidogo tena. Nilitaka kumwambia habari za zahanati, kwamba ugonjwa wake una jina, kwamba hata mimi ninao, kwamba kuna mtu wa kuzungumza naye. Nilimwambia, na alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo tungekuwa wawili." Kisha akasema amechoka.

Binti yangu aliniuliza jioni nilikotoka, nikamweleza yote, na ya mlango pia. Alisema Jumapili ijayo atakwenda na mimi. Nimekwenda Jumapili nne sasa. Mbili Mama Mdogo alizungumza nasi, mbili alijifungia chumbani na tukaacha sabuni dirishani. Kuhusu msamaha sijamwuliza tena. Nimezoea sasa kutouliza.

Kazini nilichukua mkasi wa akiba kabatini. Matundu yake ya vidole ni madogo. Jumatatu baada ya kuuacha ule wa Mama Mdogo nilikata sketi za shule, hofu ikaja saa nne, nikakanyaga sakafu, nikaendelea kukata, ikaondoka. Kidole gumba kiliniuma mpaka Alhamisi.